Kidole Si Biskuti

Wahenga walinena: mzaha mzaha hutumbuka usaha. Hawakuuharimisha mzaha, wala hawakumzuia mtoto asicheke. Walichokisema ni kwamba mzaha una njia yake na una mwisho wake, na kwamba mtu mzima anayeuanzisha hana budi kujua unakwenda kuishia wapi. Methali hiyo inafaa kukumbukwa kila mwaka inapokaribia tarehe 31 Oktoba, siku ambayo Marekani, Kanada, Ayalandi na kwingineko huitwa Halowini, na ambayo siku hizi inabisha hodi katika majiko ya Afrika Mashariki.

Inabisha hodi kwa njia ya mapishi. Mzazi hushauriwa amwite mwanawe jikoni siku ya mapumziko, wakande pamoja unga, siagi, sukari na yai, kisha wafinyange vijiti vyembamba vyenye urefu wa kidole. Kwenye ncha ya kila kijiti hubandikwa lozi moja iliyomenywa, ikawa ukucha. Katikati huchorwa mikunjo mitatu kwa kisu, ikawa kifundo. Kwenye shina hupakwa jemu nyekundu, ikawa damu ya pale kidole kilipokatwa. Jina la biskuti hizo ni vidole vya mchawi. Ziko na nyingine: soseji iliyozungushiwa vipande vyembamba vya unga hata ikafanana na maiti ndani ya sanda, yai la kuchemsha lililokatwa likafanywa jicho, likachorwa mishipa kwa sosi ya nyanya, sharubati nyekundu iliyopewa jina la damu. Watoto hucheka, hushtuana, hula. Wazazi hupiga picha.

Mapishi hayo hayajamdhuru mtu Toronto wala Chicago. Unga ni unga, na lozi ni lozi. Lakini chakula hakiliwi tumboni peke yake; huliwa pia kwa jina lake na kwa mahali kinapoandaliwa. Basi swali halihusu biskuti ile kwa ujumla wake, bali linahusu mahali pamoja mahsusi: ikiokwa Bulyanhulu, biskuti hiyo itakuwa inasema nini?

Bulyanhulu iko katika Wilaya ya Kahama, Mkoa wa Shinyanga, upande wa kusini wa Ziwa Viktoria, ndani ya ukanda wa dhahabu unaoendelea hadi Geita. Kabla ya kuwa mgodi wa kampuni, ilikuwa machimbo ya wachimbaji wadogo, walioondolewa kwa amri mwezi wa Agosti 1996 katika tukio ambalo hata leo lina ubishi na machungu. Mwaka 1999 kampuni ya Barrick ya Kanada ilinunua haki za eneo hilo, na mwaka 2001 mgodi wa chini ya ardhi ukaanza kutoa dhahabu. Pembeni yake uko mji wa Kakola, wenye maduka, vibanda vya simu, nyumba za wageni, makanisa na misikiti. Hapo dunia haiko mbali. Aliyeko Kakola na simu mkononi anaweza kusoma mapishi yale yale anayoyasoma mtu wa Kanada, dakika ile ile.

Lakini hapo hapo, katika ukanda huo huo, kidole cha binadamu kimewahi kuwa bidhaa. Hilo si fumbo wala si lugha ya kishairi. Kuanzia mwaka 2007 mikoa ya Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Mwanza ikiwa mbele, ilitumbukia katika mauaji ya watu wenye ualbino. Ndani ya muda usiozidi miaka mitatu zaidi ya watu 40 waliuawa, na wengine wengi walikatwa viungo wakabaki hai. Vilivyotakiwa ni vidole, mikono, miguu, nywele. Watafiti waliokwenda kwa wachimbaji wadogo wakaandika waliyoyasikia: kwamba kuna waganga waliowaaminisha watu kuwa mfupa wa mtu mwenye ualbino ukivaliwa hirizi, au ukifukiwa pale duara linapochimbwa, huvuta dhahabu. Wavuvi nao waliuziwa imani kama hiyo kwa ajili ya nyavu zao.

Septemba 2009, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mvulana wa miaka 14 wa Wilaya ya Bukombe. Ndiyo ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina hiyo nchini, na mji ilikotolewa ndio makao ya wilaya ya Bulyanhulu. Februari 2015, huko Chato katika Mkoa wa Geita, mtoto wa mwaka mmoja alinyakuliwa mikononi mwa mama yake, na mwili wake ukapatikana bila mikono wala miguu. Na asije mtu akasema hayo yamepita: Mei 2024, katika Wilaya ya Muleba, mkoa jirani wa Kagera, mtoto wa miaka miwili na nusu alichukuliwa nyumbani kwao akauawa kwa sababu ile ile. Mjini Shinyanga iko Shule ya Msingi Buhangija, ambako watoto wenye ualbino walipelekwa kwa makumi ili walindwe. Wakalala bweni miaka na miaka, si kwa kupenda shule kuliko kwao, bali kwa kuwa kwao palikuwa na hatari. Mtoto wa Buhangija apewe sahani ya vidole vyenye jemu nyekundu, aambiwe acheke?

Huo ni upande mmoja wa ile biskuti, upande wa kidole. Uko na wa pili, upande wa mchawi, na huu una historia ndefu zaidi.

Tume iliyoundwa na serikali mwishoni mwa miaka ya 1980 kuchunguza mauaji yanayotokana na tuhuma za uchawi ilihesabu watu 3,693 waliouawa Tanzania Bara kati ya mwaka 1970 na 1984. Zaidi ya nusu walikuwa wa Usukumani, yaani Mwanza na Shinyanga za wakati ule. Na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Mwanaanthropolojia Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyeyachunguza mauaji hayo kwa miaka mingi, alionyesha jinsi mambo mengi yalivyosukana humo: ugomvi wa ardhi na urithi, wivu, vifo vya watoto visivyoelezwa, ramli za waganga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sungusungu walipozuka katika maeneo ya Kahama na Nzega kupambana na wezi wa ng'ombe, nao pia waligeuka kuwasaka waliotajwa kuwa balogi. Katika mauaji hayo ilikuwapo alama moja iliyotajwa mara kwa mara, alama iliyotosha kumhukumu bikizee bila mahakama: macho mekundu.

Macho hayo mekundu yanatoka wapi? Yanatoka jikoni. Usukuma ni nchi iliyokatwa miti mingi, kwanza kwa kampeni za kufukuza mbung'o, kisha kwa mashamba ya pamba na kwa malisho ya mifugo, hata serikali ikalazimika mwaka 1986 kuanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ili ngitili zirudi na ardhi ipumue. Mahali pasipo kuni, mpishi huwasha anachokipata: vijiti vya pamba, mabua, samadi iliyokauka. Moshi wake ni mzito na unawasha. Mwanamke aliyeinamia mafiga matatu tangu utotoni, akapikia wazazi, akapikia mume, akapikia watoto na wajukuu, akifika miaka sitini macho yake yamewiva kama pilipili. Ongeza maradhi ya vikope, ongeza vumbi la kiangazi, ongeza ukata unaomnyima dawa ya macho ya bei ndogo. Ndipo siku moja ng'ombe hufa au mtoto huugua, mganga hupiga ramli, na vijana wenye mapanga hukodiwa. Alama aliyoipata kwa kuwalisha watu ndiyo inayotumiwa kumwua.

Haya yakishajulikana, picha ya yule kikongwe wa Halowini haiwezi tena kutazamwa kwa wepesi. Ni nani yule? Ni mwanamke mzee, mgongo umepinda, kidevu kimechongoka, vidole vimekauka, macho mekundu, anakoroga chungu juu ya moto. Mtoto wa Dublin akiiona picha hiyo hamfananishi na mtu yeyote anayemjua. Mtoto wa Kakola anamjua mtu huyo. Ni bibi yake.

Hapa ndipo ulipo udhaifu wa tafsiri, na watu wa lugha hawana budi kulisema hili kwa kuwa ni kazi yao. Neno la Kiingereza la mwanamke yule wa kofia ndefu limetafsiriwa kwa Kiswahili kuwa mchawi, na kamusi haikukosea. Lakini kamusi hupima maana, haipimi uzito. Neno lile la Kiingereza leo ni jina la kikaragosi. Halimpeleki mtu kaburini. Mchawi kwa Kiswahili cha Kanda ya Ziwa, na nogi kwa Kisukuma, ni jina la shtaka. Sheria ya Uchawi iliyotungwa na serikali ya kikoloni mwaka 1928 bado imo katika vitabu vya sheria vya Tanzania, na kumwita mtu mchawi bila kufuata utaratibu ni kosa ndani yake. Anayechukua neno la shtaka akaliandika juu ya kopo la biskuti za watoto hajatafsiri. Amevusha neno mto, akauacha mzigo wake ng'ambo.

Watetezi wa mapishi haya wana hoja, na haki ni kuzisikiliza. Hoja yao kubwa ni kwamba kicheko ni dawa ya hofu. Mtu akikifanya kitisho kuwa kitu cha kula, amekishinda. Hoja hiyo ina ukweli, lakini izingatiwe imetoka katika historia gani. Nchi zinazocheka na mchawi leo ziliwahi kuua watu kwa tuhuma hiyo, makumi ya maelfu katika Ulaya peke yake. Huko Salem, Massachusetts, mwaka 1692, watu 20 waliuawa, 19 kati yao kwa kunyongwa. Uingereza ilifuta sheria zake za kuwaua wachawi mwaka 1736. Kisha vikapita vizazi. Ndipo kofia ndefu ikageuka vazi la watoto. Yaani kicheko hakikuyamaliza mauaji. Mauaji yalimalizwa na sheria, na elimu, na mabishano ya watu wenye ujasiri, na kicheko kikaja baadaye, kaburi limekwisha kuota majani. Huku Kanda ya Ziwa, ambako mtoto amezikwa mwaka 2024, kicheko hicho kinaletwa msibani. Nani aliye na adabu anayecheka matanga hayajaondoka?

Hoja ya pili husema kwamba watoto wanajua tofauti kati ya mchezo na kweli. Naam, wanajua, aghalabu kuliko wakubwa. Lakini watoto hawachezi peke yao. Katika darasa moja atakuwamo aliyefiwa na bibi yake usiku wa manane, na atakuwamo anayevaa kofia pana na mikono mirefu kuikinga ngozi yake na jua, ambaye njia nzima ya kwenda shule husindikizwa na mtu mzima. Mchezo mwema ni ule ambao hakuna mtoto anayetolewa humo. Mchezo ambao mmoja wa wachezaji ndiye chakula, huo una jina jingine.

Hata hivyo, wako wapinzani wa Halowini ambao makala haya hayawezi kusimama nao safu moja. Wako wahubiri wanaoikataza kwa kusema kwamba ni ibada ya shetani, kwamba mtoto atakayekula biskuti hizo ataingiliwa na pepo, na kwamba wachawi hukutana usiku ule. Hao wanadhani wanazima moto, ilhali wanaupulizia. Anayesema wachawi hukutana tarehe fulani amekwisha kukiri kwamba wachawi wako, wanahesabika, wanatambulika. Na akimaliza kuhubiri, wasikilizaji wake watatoka nje wakiwatafuta. Na wanaokuwa karibu, wasio na mtetezi, ni wale wale wenye macho mekundu. Biskuti na mahubiri hayo hupingana kwa sauti, lakini vyote viwili vinamhitaji mchawi awepo.

Wako pia wanaoipinga kwa kuwa ni ya kigeni. Hoja hiyo ni dhaifu. Ikiwa kila cha kigeni kitaondolewa katika sahani ya Msukuma, atabaki na nini? Boga asili yake Marekani. Mahindi kadhalika, na muhogo, na karanga, na nyanya, na hata kiazi kitamu kinachokatwa vipande, kikaanikwa juani, kikawa michembe, chakula ambacho mtu wa Shinyanga hukiona ni chake tangu mababu. Vyote vilivuka bahari, vikapokewa, vikapewa majina, vikawa vya wenyewe. Halowini yenyewe ni mhamiaji: Waayalandi walichonga taa zao katika mizizi minene ya shambani, wakafika Marekani wakalikuta boga, wakaliona linachongeka vizuri zaidi. Kitu hakilaumiwi kwa kuvuka maji. Kinaulizwa tu: umekuja na nini, na utakaa vipi na waliokutangulia?

Na tena, shabaha ya sikukuu hiyo haikuwa kucheka na viungo vilivyokatwa. Jina lake limetokana na mkesha wa Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba, ambayo hufuatwa na siku ya Marehemu Wote. Na waumini wa Kikatoliki wa Kahama na Shinyanga huziadhimisha siku hizo mbili kila mwaka bila kisu chenye jemu. Zamani huko Uingereza masikini walipita nyumba kwa nyumba wakipewa vimkate vidogo, nao wakawaombea marehemu wa nyumba ile. Mtu wa pwani akisikia hivyo hashangai. Anakumbuka hitima, jinsi chakula kinavyoliwa na dua ikapelekwa kwa aliyetangulia. Watoto kupita majumbani wakipewa peremende nako si kugeni: Oman, usiku wa kuingia nusu ya Ramadhani, watoto hupita wakiimba na kugawiwa tamutamu katika kile kiitwacho Qaranqasho, na Unguja, siku ya Idi, mtoto aliyevaa nguo mpya hupita kwa jamaa akipewa sikukuu yake kabla ya kukimbilia viwanja vya Mnazi Mmoja. Hayo yote ni kheri. Kilichoharibika ni pale biashara ilipoondoa dua ikabakiza maiti.

Msomaji wa visiwani asijione yuko salama kando, akayasoma haya kama habari za bara. Nyani haoni kundule. Mwaka 1995 hofu ya popobawa ilizuka Pemba ikavuka hadi Unguja. Watu wakalala nje makundi kwa makundi, na mtu mmoja mwenye maradhi ya akili akauawa na umati uliodhani ndiye. Ilianza kwa hadithi, ikaenezwa kwa mzaha na mnong'ono, ikaishia kwa maiti ya mtu asiyeweza kujitetea. Hofu ya Kakola na hofu ya Ng'ambo zimenyonya ziwa moja.

Lakini lawama kubwa ya makala haya iko kwingine. Itazame ile meza ya Halowini vizuri. Yuko mchawi. Iko sanda. Kiko kidole, liko jicho, iko damu. Hayuko mnunuzi. Kidole cha binadamu hakikatwi kwa kuwa kuna kikongwe mwenye ufagio. Hukatwa kwa kuwa kuna mtu mwenye fedha aliyekiagiza, akitaka duara lake litoe, au biashara yake ishamiri, au kura zitoshe. Mahakamani aghalabu hufikishwa mkataji na mbebaji. Mwagizaji huzungumzwa kwa mafumbo. Januari 2009 serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi wote, na bado mauaji yakaendelea, kwa sababu mganga naye ni dalali tu na soko liko juu yake. Tamaa ya dhahabu ndilo zimwi la ukanda huu, na zimwi hilo halina kofia ndefu. Lina viatu safi. Mapishi yanayomfundisha mtoto kumwogopa bikizee na kumsahau mnunuzi yanamfundisha mtoto huyo kutazama upande usio na hatari.

Basi je, watoto wasiingie jikoni? Waingie, na wavulana waingie pamoja na dada zao. Wasitishwe? Watishwe, mtoto asiyewahi kutetemeka kwa hadithi amepunjwa. Wasukuma wenyewe ni mabingwa wa kucheza na hofu. Bagoyangi hucheza na chatu hai shingoni mbele ya umati, na Bagika na Bagalu hushindana kwa vituko na dawa za kuvuta watazamaji msimu wa mavuno ukiisha. Watu hupiga kelele, hukimbia, hurudi, hucheka. Lakini anayetisha hapo ni mchezaji hodari aliye mbele ya macho ya wote. Hakuna jirani anayenyooshewa kidole.

Na hadithi ipo, kubwa kuliko kofia ndefu. Shing'weng'we, dubwana la Kisukuma, lilimeza watu wote na mifugo yote ya dunia, akasalia mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Mwanamke huyo akamzaa Masala Kulangwa, na kijana alipokua akauliza, wengine wako wapi? Akalitafuta dubwana, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wakatoka humo wazima, na ng'ombe wao, na kuku wao. Hadithi hiyo inapikika. Boga moja kubwa huchongwa mdomo na macho, hutolewa mbegu, hujazwa kunde, karanga na vipande vya michembe vilivyokwisha kuchemshwa, hufunikwa kwa kifuniko chake lenyewe, huchemshwa taratibu katika sufuria pana mpaka lilainike. Likiletwa mkekani, mkubwa hushika kisu, mtoto hushika mkono wa mkubwa, tumbo la Shing'weng'we hupasuliwa, na kijiji kizima hutoka kikifuka mvuke. Kila karanga ni mtu aliyerudi. Mbegu zilizotolewa hukaangwa kwa chumvi, nazo zikawa kuku na mbuzi. Kinachofurahisha hapo si kiungo kilichokatwa. Ni mwili uliopatikana mzima.

Wala haifai kulazimisha iwe tarehe 31 Oktoba. Shinyanga wakati huo ni mwisho wa kiangazi, mashamba yamekauka, watu wanatazama mawingu. Maboga huja na mvua na huliwa masika. Sherehe inayomlazimisha mtu kutafuta boga lisilo na msimu imemsahau mkulima.

Ukweli hauna budi kusemwa mpaka mwisho: hata hadithi hii ina bikizee wake. Katika baadhi ya masimulizi, Masala Kulangwa alipolipasua tumbo la dubwana alimkata sikio mwanamke mmoja mzee kwa bahati mbaya, na mwanamke huyo akakasirika akamroga. Yaani tuhuma imo hata katika chungu cha nyumbani; haikuletwa yote na meli. Lakini tazama hadithi inavyoendelea. Kijana anatafuta dawa, anapona, na mwisho wake anakuwa mtawala. Ushindi wake haukuletwa na panga juu ya shingo ya ajuza. Na mtoto mwerevu atauliza: kwa nini bibi alikasirika? Atajibiwa: kwa sababu alikatwa, na hakuna aliyemwomba radhi. Swali hilo moja, likiulizwa mkekani na mtoto wa miaka saba, lina faida kuliko mikutano mingi ya hadhara.

Tena nani atakayeisimulia hadithi hiyo, ikiwa si bibi mwenyewe? Jungu kuu halikosi ukoko. Yeye ndiye aijuaye, yeye ndiye ajuaye boga lipi lina unyevu na lipi ni kavu, na moto kiasi gani unalifaa. Aketishwe mahali pa heshima, mbali na moshi. Vijana wamchochee moto yeye asimame kando, na jiko banifu lenye dohani litafutwe kabla ya lozi na jemu. Hilo la dohani si jambo dogo katika shauri hili. Kila jicho linalookolewa na moshi ni shahidi mmoja wa uongo aliyeondolewa barazani.

Wazazi wa Kakola, wa Kahama, wa Geita, na hata wale wa Masaki na Mbezi ambao biskuti hizi hazijawagusa popote, wataamua wenyewe watakachokioka. Hakuna sheria inayotakiwa hapa, wala polisi wa biskuti. Kinachotakiwa ni haya kidogo: kujua kwamba mzaha fulani una jirani anayeusikia kupitia ukuta, naye hacheki. Mtoto akitoka jikoni jioni hiyo, na aulizwe amekula nini. Ajibu kwamba amekula boga la Shing'weng'we, kwamba watu wote walitoka, kwamba bibi ndiye aliyesimulia. Kisha aoneshe vidole vyake kumi, vimenata karanga, vyote vikiwa mahali pake.